Ule Mukono Uliouona Wa Kwanza

Mama yangu,

Unanijua, ninapenda kusifu vyangu. Mumbere alizaliwa na kilo tano! Mabega yalikwama, basage-femme, bale bazalishaji, bakavuta, akatoka. Hapa mutaani Mususa nilitembeza kifua kama mimi ndiye wa kwanza kuzaa.

Siku ya tatu ulikuwa unamuosha kwenye bassin, ukainua mukono wake, ukauachilia. Kisha:

"Masika, huu mukono wa kuume umelala. Ule mwingine unanipiga, huu hapana."

"Mama, achana. Mutoto wangu ni chef, na chef hapigane na mikono mbili."

"Chef gani! Mupeleke kwa munganga."

Nikakwambia jicho lako ni baya. Eh, Mama, lile neno! Nikamufunga kitenge mpaka shingoni, bageni baone mashavu tu. Na kila nikimupandisha mugongoni, nilimuvuta kwa mikono yake.

Kesho yake ulisimama mulangoni: "Ninaenda Oicha kuvuna kakao. Nikirudi, nitamupeleka mimi mwenyewe." Kule Oicha bauaji benye silaha bakaingia, batu bakakimbia mashamba. Wewe hukutoka mule. Tulikutafuta mpaka Beni. Hakuna kaburi, hakuna habari.

Njo pale nikamupeleka peke yangu. Mama wa kiné, ule wa kunyoosha viungo kwenye hospitali, alimushika bega, akasema mishipa ya fahamu ilivutika wakati wa kuzaliwa. "Nani aliona huu mukono wa kwanza?" Nikalia ndani ya kile kitenge nilichomufungia. Akanifundisha: hapana kumuinua kwa makwapa, hapana kuvuta. Nguo, ule mukono uvae wa kwanza, uvuliwe wa mwisho. Kila nikimubadilisha, niuinue polepole, nikunje kiwiko, nigeuze kiganja. Nilifanya bila kuruka siku. Hakuna mama aliyenishinda, kiné mwenyewe anasema.

Lakini mpaka leo, nikimuosha, ninasikia maji yanachezacheza nyuma yangu, kama mikono yako iko ndani. Ninageuka. Hakuna mutu.

Sasa ana miaka mitatu, na kelele yake inajaza nyumba. Kitambaa chako cha kichwa nilikitundika kwenye musumari, anyooshe mikono kukigusa. Mukono wa kushoto unafika kwenye fundo. Wa kuume unafika kwenye pindo tu, unatetemeka, unashuka. Kesho anajaribu tena. Kisha ananiuliza juu yako, bibi yake: "Koko atakuja lini?" Mimi, muenye maneno mengi, ninamuinulia mukono tena polepole.

Kama uko mahali, Mama, rudi tu. Ukifika, hapana kumuvuta ili umupakate. Inama kidogo. Ule mukono uliouona wa kwanza utafika kwenye shavu lako.

Ninabakia hapa mulangoni,
binti yako muenye kiburi,
Mama Mumbere