Nilimwalika Baba kwa Jina Lako

Koto Sialang,
Payakumbuh,
Sumatra Magharibi.
14 Septemba 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Seremban, Malaysia, ukiwa mzima wa afya, wewe na mkaza mjomba Zuraidah na watoto. Sukari yako inaendeleaje? Tumesikia daktari amekukataza maziwa ya kopo kwenye chai na wewe unayaweka hivyo hivyo. Acha, Mjomba. Bado tunakuhitaji.

Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima, mpunga wa bondeni umeanza kuinamisha vichwa, na Dada Desmita anadarizi mapazia ya harusi kutwa nzima mpaka vidole vimeota sugu. Mimi nimebakiwa na siku nne za likizo kabla ya kurudi chuoni Padang.

Baada ya salamu, niingie kwenye yaliyonifanya nishike kalamu. Najua umeshasikia kwamba nilikwenda Jakarta. Mama Mdogo Yusnelti mdomo wake hauna breki, na simu ya dukani iko hatua kumi tu kutoka mlangoni kwake. Umetuma ujumbe unauliza nani alinipa ruhusa. Hakuna, Mjomba. Sikuomba. Ningekuomba wewe ungekataa, na mimi ningekwenda hivyo hivyo, na makosa yangekuwa mawili badala ya moja.

Ila Mama Mdogo hajui nilichofuata kule. Anadhani nilikwenda kushangaa maghorofa. Ninakwambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu habari ikiwa imeshatiwa chumvi. Nilikwenda kumtafuta Baba.

Tafadhali usiichane barua. Kaa, kunywa chai, isome mpaka mwisho.

Mwezi wa saba uliandika kwamba kadhi ndiye atakayemwozesha Dada, kwa kuwa baba yetu hajulikani alipo. Mjomba, wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka shule siku ya kwanza. Nakupenda na nakuheshimu. Lakini hajulikani na nani? Afrizal dereva wa basi amekula mgahawani kwake Tanah Abang, Jakarta, mara tatu mwaka huu, na kila akirudi anatuchosha kwa kuisifu rendang yake, nyama iliyokaukiana na tui la nazi. Kijiji kizima kinajua alipo, kasoro karatasi za kadhi. Dada yangu aolewe kwa uongo, walii wake halali yuko hai anakaanga samaki? Kila siku maishani mwake ajiulize kama ndoa yake ni ndoa? Hilo lilinikwama kooni, nikashindwa kulimeza.

Basi nikachukua akiba yangu ya kufundisha watoto hesabu, nikakata tikiti ya basi bovu kuliko yote. Kiti changu kilikuwa cha mwisho kabisa, ubavuni mwa choo. Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyebeba kopo la tunda la durian lililochachishwa, na kabla hatujafika Jambi kopo likavuja kwenye viatu vyangu. Siku mbili na usiku wake, Mjomba, na kivuko juu yake. Mama alinitilia mayai sita ya kuchemsha na wali kwenye jani la mgomba. Mayai niliyagawa moja kila mlo, na la mwisho nililila kwenye kivuko, nimesimama, maana mabenchi yote yalikuwa ya wenye tikiti nzuri.

Jakarta nilifikia kwa Nofriza, yule binti wa fundi cherehani tuliyesoma naye. Amepanga chumba Kwitang na wenzake wawili. Tulikuwa wanne kwenye magodoro mawili, ukitaka kugeuka lazima uwaamshe wengine wote. Hawakunidai hata senti. Nilichota maji na kufua nguo za wote wanne, tukawa sawa.

Asubuhi nilitembea kwa miguu saa nzima na ushei mpaka Tanah Abang, kuepuka nauli ya bajaji. Jua la Jakarta halina adabu. Mgahawa wa Baba uko nyuma ya soko la nguo, na mchana umejaa watu wa kwetu watupu, wauza mitandio na wauza mashati, wanapigiana kelele kama wako kwenye mnada wa ng'ombe hapa Payakumbuh.

Unajua desturi yetu: hata hujavuta kiti vizuri, sahani kumi na mbili zimeshatua mbele yako, na unalipia ulichogusa tu. Mimi niligusa wali na mchuzi. Mchuzi haulipiwi.

"Dada, hata yai?" mhudumu akaniuliza.

"Nyama na mayai vinanidhuru."

"Vinakudhuru wewe au mfuko wako?"

Meza ya pili wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Na kicheko hicho ndicho kilichomtoa Baba jikoni, mwiko mkononi, anataka kujua nani anayemaliza mchuzi wake bure. Akaniona. Nilikuwa na miaka minane alipoondoka, lakini paji hili la uso ni lake, hata wewe hunisema nalo kila nikikuudhi.

"Desmita?"

"Mdogo wake," nikasema. "Refnita."

Akakaa. Mwiko ukawa unadondosha mafuta kwenye suruali yake, na hana habari. Akaninyofolea pande la rendang kwa mkono wake, akaliweka kwenye sahani yangu, akanitazama nikila mpaka likaisha. Nikamweleza yote. Dada anaolewa tarehe kumi Oktoba na kijana mwema, mwalimu, na walii wake ni yeye, hakuna mwingine. Nilitegemea atalia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza.

Akaniuliza, "Tambuu iko wapi?"

Mjomba, kwetu mwaliko usio na tambuu ni maneno ya njiani tu, hata mtoto anajua. Na mimi msomi wa chuo nimesafiri siku mbili na mikono mitupu.

"Baba, nimekuja mimi mwenyewe. Mimi si natosha?"

"Wewe unatosha kwangu. Kwenye nyumba ile hutoshi. Nilipoambiwa mbele za watu kwamba mume ni mtu wa kuja tu nyumbani kwa mkewe, hana kauli, nilitoka. Mwaka uliofuata nikatuma kuomba nije kula Idi na wanangu. Mjomba wako akajibu kwamba mgeni huja akialikwa. Sawa. Miaka kumi na miwili nasubiri tambuu. Siingii mle kwa mlango wa jikoni kama paka."

Hapo nilisahau adabu zote. "Makalio yangu yamekufa ganzi kwenye basi lile, viatu vinanuka durian, na wewe unaniuliza majani!"

"Umekua, alhamdulillahi," akasema. "Na mdomo ni wa ukoo wa mama yako." Akarudi jikoni.

Usiku ule sikulala kwa hasira, na sikumkasirikia yeye peke yake. Wewe ulimfungia mlango kwa desturi, na yeye akajifungia nje kwa desturi ile ile. Wanaume wawili mmekaa mnasubiriana, nani aanze, na sisi watoto tunakua katikati. Hakuna hata mmoja wenu aliyetuuliza.

Kulipokucha nikaenda soko la Senen. Nikapata majani ya tambuu kwa bibi mmoja wa Kijava, na popoo, na chokaa, na tumbaku kidogo. Halafu katu. Katu ya milimani kwetu, Mjomba, ile inayokaushwa huku hadi tunaikanyaga njiani, nimeinunua Jakarta kwa bei ya Jakarta! Nilibishana na bibi yule mpaka akaniuliza kama naolewa au nagombana. Nikamwambia vyote viwili. Pale nauli yangu ya kurudi ikawa imemegeka, lakini nilikuwa nimeshaamua.

Bakuli la shaba la kubebea tambuu sikuwa nalo. Nilipanga vitu vyote kwenye bati la biskuti la Nofriza, nikalifunika kwa mtandio wangu mzuri, nikatembea tena ile saa nzima na ushei, bati limetulia mikononi kana kwamba nimebeba mtoto.

Nikaingia mgahawani katikati ya chakula cha mchana, nikasimama mbele ya meza ya Baba, nikaanza maneno ya kualika. Yote, tangu mwanzo. Ninyi wanaume mnadhani maneno yale ni yenu. Tangu nina miaka sita nakaa nyuma ya pazia na masinia, nawasikia mkiyasema harusi baada ya harusi. Mama anayajua, Dada anayajua. Hata Mama Mdogo Yusnelti anayajua, na anajua wapi wewe huwa unakosea.

Mmoja mwenye sharubu akasema, "Hee, binti, siku hizi wajomba wamekwisha mpaka mnatumwa wasichana?"

Mzee mmoja wa pembeni akamkata, "Funga kinywa chako. Mwache amalize, hajakosea hata neno."

Sikuacha. Nilipofika mahali pa kumtaja anayealika, nikakutaja wewe, cheo na jina. Datuk Rajo Malano, mkuu wa ukoo, ndiye aliyenituma, ndiye anayemwita shemeji yake aje amwozeshe binti yake.

Mgahawa mzima ukawa unamtazama Baba. Akaenda akanawa mikono, akaifuta taratibu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mimi na yeye tu, "Datuk mwenyewe amesema hivi?"

Nikamtazama usoni. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Akachukua jani, akalipaka chokaa, akatia popoo na katu, akatafuna. Machozi yakawa yanamtiririka huku anatafuna, na hakuyafuta. Yule mwenye sharubu akaja naye akaomba jani, halafu mzee, halafu wote. Watu ishirini wa kwetu, Mjomba, na hakuna hata mmoja anayejua kutunza siri. Mhudumu akaniletea yai, akasema hili halina bei. Nikalila, maana sikuwa nimeonja kitu tangu alfajiri.

Kurudi, Baba alinikatia tikiti ya kiti cha dirishani. Tangu nifike ni siku tano, na kila siku nimeianza barua hii nikaichana.

Sasa nikwambie yaliyobaki. Baba atapanda basi tarehe sita Oktoba, atashuka hapa Ijumaa asubuhi, tarehe nane. Amesema atasimama chini ya ngazi ya mbele, kiwanjani, mchana kweupe, na hatakanyaga kidato hata kimoja mpaka aliyetajwa kwenye tambuu amkaribishe kwa mdomo wake. Usipotokea, atarudi na basi lile lile. Nilipomwambia Dada, aliweka sindano chini. Amesema Baba akigeuzwa, yeye harusini hakai, hata kama ng'ombe ameshachinjwa na wageni wameshavua viatu. Unamjua Desmita. Haongei sana, akiongea amemaliza.

Unaweza kusimama ukatangaza kwamba hukunituma. Ni haki yako, na itakuwa kweli. Nitaitwa mbele ya ukoo, nitaambiwa nimetumia jina la Datuk bila idhini, na adhabu yoyote nitaipokea, hata mkinizuia nisirudi chuoni. Wazee nitawaomba radhi mmoja mmoja. Wewe sitakuomba, kwa sababu sijutii, na sitaki kukuongezea uongo mwingine.

Nilidanganya, Mjomba, nakubali. Lakini na wewe ulidanganya. Wewe ulisema Baba hayupo, mimi nikasema wewe umemwita. Uongo wako umeshakufa, watu ishirini wamemwona akitafuna. Wangu bado unaweza kuwa kweli, na mwenye uwezo huo ni wewe peke yako. Yanatakiwa maneno mawili tu, Ijumaa asubuhi, ukiwa juu ya ngazi: Karibu, shemeji.

Mama anakusalimu sana. Ameisoma barua hii yote kabla sijaifunga, na hakufuta hata neno. Dada Desmita anakusalimu. Mama Mdogo Yusnelti angekusalimu kama angejua nakuandikia. Nisalimie mkaza mjomba Zuraidah, na Hasril na mdogo wake, waambie pete za bibi harusi mnazokuja nazo wazifunge kwenye soksi ili zisipotee mpakani.

Mwenyezi Mungu akulinde safarini, akushushie sukari na akulainishie moyo. Njoo mapema.

Mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikiwa nakupinga,

Refnita