Askari wa Mfalme, Hatua Mbili

Jaduong',

Mzee wangu, ni mimi, Baba Ciku. Nakuandikia nikiwa kibandani kwetu hapa mjini. Kwa upande wako, pale ulikuwa unachonga funguo, sasa kuna msichana anauza kava za simu. Mashine yangu ya kushona nimezima. Leo ni barua tu.

Bibi yako, Mama Achieng, alinipatia bodi yetu ya chess. Mahali pa ile ngome ilipotea bado ni ufunguo wa kufuli, ule uliukata wewe. Nilibeba bodi mpaka kwangu Mutuini na sijaifungua. Naona aibu.

Unakumbuka vile nilikuwa naanza? Askari wa mfalme hatua mbili, halafu hapo hapo natoa malkia. Ulicheka mpaka wateja wakageuka. "We fundi, unatoa mama nje kabla hajakunywa chai?" Sheria yetu ilikuwa anayeshindwa anaosha vikombe, na mimi niliosha karibu mwaka mzima. Pole pole nikajua kuacha malkia nyumbani, nikaanza na farasi. Baadaye nikapenda kutoa padri mapema, amulike mfalme wako kutoka mbali. Ulisema ukiangalia vile mtu anafungua mchezo, unajua ni nini inamsumbua hiyo wiki.

Halafu figo zikakulaza nyumbani kwako Kinoo. Tukawa tunacheza kwa meseji. Ukanichapa mara mbili ukiwa kitandani. "Hata nikiwa nimelala nakuoshesha vikombe!" Nilikasirika. Jaduong', nilikasirikia mgonjwa. Nikaweka app ya chess kwa simu. Ukinitumia hatua yako, naiwekea, inaniambia nijibu nini.

Ndio sababu nilianza kufungua tofauti. Hao askari wa pembeni, hizo farasi za kuzunguka, haikuwa mimi. Na wewe uliona. Ukaniuliza, "Siku hizi hufungui kama wewe. Nani anakufundisha?"

Nikajibu, "Nimekomaa, mzee."

Haki ya Mungu, niliandika hivyo. Nikakushinda mara saba mfululizo.

Na wewe ukabadilika. Tangu nikujue ulikuwa mtu wa kushambulia, hujali kupoteza askari bora mfalme wangu akimbie. Ukaanza kusukuma hatua moja moja, kujificha, kama mtu anapapasa ukuta gizani stima zikipotea. Nikajiambia ni ugonjwa. Ilikuwa mimi.

Tuliporudi kutoka kukuzika, nilienda kumwona Mama Achieng. Akanimiminia chai, akasema, "Shemeji, mwisho alikuwa anasema dawa zimemaliza akili yake. Ati hata chess imemtoka. Akakataa kusaidia Achieng na hesabu, akasema atampotosha mtoto."

Achieng alikuwa hapo mlangoni. Mimi nimeshika kikombe. Na unajua nilisema nini? "Pole, mama." Basi. Nikachukua bodi nikatoka.

Umekufa ukijiona mjinga, na ni mimi nilikufanya hivyo, kwa sababu sikutaka kushindwa na mtu amelala. Akili yako ilikuwa sawa, ndugu yangu. Ilikuwa inapigana na mashine na hakuna mtu aliiambia.

App nimetoa, lakini hiyo ni kitu kidogo. Jumamosi naenda Kinoo. Barua hii nitaisoma mbele ya Mama Achieng, na Achieng akiwa hapo, ajue baba yake angemfundisha hesabu mpaka siku ya mwisho. Wakinifukuza, ni haki yao. Na kama siku moja Achieng atakubali kucheza na mimi, nitafungua vile ulinizoea: askari wa mfalme, hatua mbili, na kichwa yangu mwenyewe. Akinichapa nitafurahi.

Lala salama, Jaduong'. Ile michezo saba ulishinda wewe. Vikombe nitaosha.

Baba Ciku