Nyumba Tuliyokulia Ina Jina la Marehemu Hudak

Mpendwa Mama Verdell, naomba msaada wako, na kabla hujaichapisha barua hii tafadhali badilisha kila jina lililomo, maana nikijulikana nimekwisha, na bibi yangu amekwisha pamoja nami.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini, sina mume, na akili zangu ni timamu, au ndivyo nilivyodhani mpaka mwezi uliopita. Naishi na Bibi Earlene, mama yake baba, ambaye ana miaka themanini na saba, katika nyumba ya matofali hapa Ohio ambayo yeye na marehemu babu Hollis waliinunua kabla baba hajazaliwa, na ndani ya nyumba hiyo sote tulilelewa, tukachapwa, tukaozwa na wengine tukawalilia. Dhoruba ya masika iling'oa upande mmoja wa paa, maji yakawa yanaingia chumbani kwa Bibi, nikasikia kwamba kaunti inawaezekea wazee bure, nikaomba kwa jina lake, na dada mmoja wa ofisi ya kaunti akanipigia simu akaniambia kwa upole kabisa kwamba ombi haliwezi kupita kwa sababu mwombaji siye mwenye nyumba. Nilicheka, Mama Verdell. Nikamwambia, "Dada, hebu angalia tena." Akanijibu, "Nimeshaangalia tena, mama. Angalia na wewe, kumbukumbu ziko wazi kwa kila mtu."

Basi nikafungua tovuti ya kaunti, ambayo naijua kama jiko langu, maana nani hapa mjini asiyeitumia kuchungulia mchungaji kanunua nyumba kwa bei gani na shemeji kalimbikiza kodi ya majengo ya miaka mingapi, ila anwani yetu wenyewe sikuwahi kuiandika, kwani mtu ajipekue mwenyewe kwa lipi? Nikaandika Tolliver, jina letu la ukoo, halikutokea kitu. Nikaandika namba ya nyumba na mtaa, ikaja picha ya nyumba yetu, na kibaraza chetu, hata kiti cha Bibi kinaonekana, na juu ya picha imeandikwa mwenye mali: Stefan Hudak, tangu mwaka 1961. Niliifunga tovuti nikaifungua tena, kana kwamba jina lingeona haya likaondoka.

Huyo Hudak namjua. Alikuwa mzungu, Mslovakia, alifanya kazi na babu kwenye kiwanda cha chuma, na alifariki miaka tisa iliyopita. Kila mwaka kabla ya Sikukuu ya Shukrani Bibi huoka pai ya viazi vitamu, huvaa kofia yake ya kanisani, tunampeleka kwa akina Hudak, nao humpa mkate wao mtamu uliojazwa kokwa za jozi, na sisi wajukuu tulizoea kumtania kwamba ana mchumba wa Kislovakia. Alikuwa anacheka na sisi, Mama Verdell. Miaka yote hiyo alikuwa anacheka na sisi!

Nikamfuata jikoni. Nikamuuliza, "Bibi, nyumba hii ni ya nani?"

Hakugeuka hata kunitazama. "Ya anayeifagia."

"Kaunti inasema ni ya Hudak."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Nani kakutuma uchokonoe?"

"Paa, Bibi. Paa ndilo lililonituma."

Akakaa chini. Akaniambia, "Wewe mtoto, mwaka ule watu wa mtaa huu wangemuuzia mbwa nyumba kabla ya kutuuzia sisi weusi. Hollis akampa Stefan pesa zetu, Stefan akaenda kusaini kama anajinunulia yeye, akatuletea funguo. Tukakubaliana mambo yakipoa tutabadilisha jina. Hayakupoa. Walitupiga mawe madirishani, baba yako yuko tumboni. Baadaye yakapoa, lakini babu yako akawa ameshaingiwa na woga. Akasema karatasi ikiguswa itaonekana, tuiache ilale. Nasi tukaiacha."

Ndipo nilipoelewa kwa nini tulipokuwa wadogo tulikatazwa kufungua sanduku la barua, na aliyelifungua alichapwa. Bili ya kodi ilikuwa inakuja pale kwetu kwa jina la Hudak, na Bibi alikuwa anaipeleka mwenyewe kwenye dirisha la malipo la kaunti, mkononi, kila msimu, bila kukosa. Kisha akanishika mkono akaniapisha kwa kaburi la babu kwamba sitamwambia Hudak yeyote. Akasema, "Hawajui kwamba kwenye karatasi ni yao. Siku ukiwaambia, itakuwa yao kweli."

Nikaapa. Ningefanyaje?

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Jumamosi iliyopita tulimzika Irene, mjane wa Stefan. Baada ya mazishi tukaingia ukumbi wa kanisa lao kula, na binti yao Paulette, mtu mzima wa miaka sitini hivi, akamkumbatia Bibi akalia begani kwake, halafu akanigeukia akaniambia, kwa kuongea tu, kwamba mama yake hakuacha wosia wala maelezo yoyote, kwa hiyo wiki ijayo wakili wake ataanza kupekua kumbukumbu za kaunti atafute kila kitu chenye jina la baba na mama yake. Sahani ilinitoka mkononi, kabichi na tambi zote zikamwagika viatuni kwangu. Bibi hakupepesa hata jicho. Alimwambia Paulette, "Pole, mwanangu. Kula kidogo, usije ukaanguka." Kwenye gari nikamwambia, "Bibi, huyo wakili akiandika jina la Stefan, ni dakika moja tu!" Akaongeza sauti ya redio, akasema, "Endesha."

Binamu yangu Lamont, ambaye nilimwambia kwa kuwa nilikuwa napasuka, anasema hili ni jambo dogo, tuandike hati ya kuuziana ya miaka ya zamani, tusaini jina la Stefan, anamjua mtu mwenye mhuri, "na marehemu hatakuja kukana." Nilishtuka, Mama Verdell, lakini nilijishtukia mimi zaidi, kwa sababu nilimuuliza huyo mtu wa mhuri anapatikana wapi. Nikimwambia Paulette, nimevunja kiapo na labda nimetoa nyumba kwa mkono wangu. Nisipomwambia, wakili atamwambia yeye. Nikienda kwa Lamont, sijui nitakuwa nani. Nisaidie, sili, silali, na chumbani kwa Bibi ndoo imejaa tena.

Mjukuu, Ohio

MAMA VERDELL ANAJIBU:

Mjukuu, nilipofika kwenye jina la Hudak nilisimama wima, na nilipofika kwenye mhuri nilikaa chini. Nimejibu barua za waume waliokimbia, wachungaji waliokimbia na mama mmoja aliyemkimbia mwanawe wa kumzaa, lakini sijapata kupigwa na butwaa namna hii. Majina nimeyabadilisha, na mji nimeuondoa kabisa. Hata wewe ukiisoma utajiuliza kama ni yako.

Tuanze na Lamont, maana huyo ananiwasha. Hati ikipelekwa leo, kaunti inaigongea tarehe ya leo, na aliyeisaini yuko kaburini miaka tisa. Hata karani aliyeanza kazi juzi atainua nyusi. Nyumba yenu imelipiwa kwa haki na kutunzwa kwa haki, halafu nyie mnataka kuiingiza kwenye wizi kwa mlango wa nyuma! Jaji akiona karatasi moja ya kughushi, hataamini hata moja ya kweli. Mwambie Lamont akae kando. Na wewe uliyeuliza mtu wa mhuri yuko wapi, ona haya kidogo, kisha usahau, hofu humfanya mtu aulize mambo.

Bibi yako usimwone mjinga. Usimwone mwongo pia. Mwanamke aliyeokota vioo sakafuni akiwa mjamzito anajua mtaa wake kuliko mimi na wewe. Nimelia kwa ajili yake, nakwambia wazi. Lakini woga uliomlinda mwaka ule ndio utakaomtoa nyumbani mwaka huu, na hilo hana budi kulisikia kutoka kwa mtu anayempenda.

Kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Stefan alikufa miaka tisa iliyopita, na mjane wake akabaki. Unadhani Irene hakujua? Mumewe alisaini nyumba nzima ya matofali, halafu bili yake ya kodi haikufika mlangoni kwake hata siku moja, na mke asijue? Miaka tisa alikuwa na uwezo wa kwenda kwa wakili akasema kuna nyumba yenye jina la mume wangu. Hakwenda. Alipokea pai, akatoa mkate wa jozi, akafunga mdomo mpaka wakamfunika udongo. Kwa hiyo bibi yako hakunyamaza peke yake. Kama Irene alimwambia bintiye, sijui, na wewe hujui. Paulette anaweza kuwa na moyo wa baba yake, na anaweza kuwa na watoto wenye madeni. Usimfanye malaika, na usimfanye adui kabla hajafungua kinywa.

Sasa fanya hivi. Uliapa kutomwambia Hudak yeyote. Wakili si Hudak. Jumatatu asubuhi, kabla hujanywa kahawa ya pili, piga simu ofisi ya msaada wa kisheria, wapo hata kwenye kaunti ndogo, wala hawawatozi wazee wasio na kitu. Waambie neno hili kwanza: mirathi inafunguliwa wiki hii. Watakuelewa. Beba kila stakabadhi ya kodi aliyolipa Bibi, bima, bili za tanuri la kupasha nyumba joto, picha za ubatizo zilizopigwa kibarazani, chochote kinachoonyesha nani ameishi humo na nani ameitunza. Mwulize wakili kama anaweza kuandikisha madai yenu kaunti kabla yule mwingine hajaanza kupekua, ili atakapoliona jina la Stefan aone na lenu pembeni. Mlango gani wa sheria utafunguka ni kazi yake, mimi si wakili na sitakudanganya kwamba lazima mtashinda. Msisaini karatasi yoyote mtakayoletewa, hata ikiletwa na mtu anayelia. Na paa lifunikwe turubai leo hii. Lamont ana mikono, naye anatafuta kazi ya kufanya.

Wakili akishawaweka sawa, ndipo Paulette ataambiwa, na si wewe utakayemwambia. Atakayemwambia ni Earlene mwenyewe, mezani, na wewe ukae hapo ukae kimya. Paulette amemlilia bibi huyo begani, basi na amtazame usoni Bibi anaposema.

Lakini yote hayo yanakuja baada ya jambo moja, na hili ndilo nakuomba usilicheleweshe. Walioweza kujua pesa zilivyotoka mkononi mwa Hollis kwenda mkononi mwa Stefan walikuwa wanne, waume wawili na wake zao. Watatu mmeshawazika, wa mwisho Jumamosi iliyopita. Aliyebaki ana miaka themanini na saba, na analala chini ya paa linalovuja. Wakili aje na mtu wa kuandika kiapo, Bibi aketi, aulizwe, aseme yote mwanzo hadi mwisho: nani alitoa pesa, nani alisaini, walikubaliana nini. Asaini kwa mkono wake.

Atakataa. Atakwambia unamvunjia heshima babu yako. Usibishane naye, na usimpigie magoti. Mwambie tu kwamba akiondoka bila kusema, wa kutolewa nje na mabegi utakuwa wewe, mjukuu wake, kutoka kwenye nyumba aliyoilipia. Hakunyamaza miaka sitini na kitu ili iwe hivyo.