Kamera Iliyoukataa Ukuta wa Mama

Kwa shangazi, chumba cha mbele,
Alhamisi, tarehe 11 Juni,
saa sita mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, maana najua kimoyomoyo umeshaniamkia. U hali gani huko kambini? Lile jino limetulia? Na kifua je, na vumbi lote la barabara mnayoichonga? Sisi huku uzima tunao, ila naandika mbiombio juu ya goti, kwa hiyo ukiona herufi zinakwenda upande usidhani nimesahau kuandika.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia nikiwa kwa shangazi. Nitafika huko. Dereva wa lori la mafuta atapita saa nane kuchukua bahasha hii, na nikianzia mwisho nitakutisha kabla hujaelewa.

Kamera uliyompa dereva aniletee ilifika salama pamoja na maagizo yako: nisimame mlangoni pa chumba cha Mama, niupige picha ukuta wote wa nyuma, nikurudishie kadi uuone ule ufa kwenye kompyuta ya ofisini kwenu. Ulifanya vizuri kuituma, maana simu yangu ya vitufe haina kamera, na nyinyi huko mtandao mnaupata mara moja kwa mwezi. Kazi ya dakika moja, uliandika. Imenichukua siku kumi na mbili.

Kwanza nilikutana na Mama. Aliposikia picha inakwenda kwako, akasema mwanawe hataaibishwa mbele ya wenzake kwa picha ya nyumba chafu. Nikatoka kupeleka sare nilizoshona, kurudi namkuta fundi rangi juu ya stuli. Ufa ameshauziba wote kwa plasta, anamalizia kupaka rangi nyeupe pepepe, na Mama yuko kitandani anamsimamia kama yeye ndiye mhandisi. Tunataka kukuonyesha kidonda, yeye amekipaka poda.

Hofu yangu haikupungua, ilizidi. Zamani angalau niliuona ufa, na kila asubuhi niliupima kwa sindano zangu: kwanza iliingia ndogo, wiki iliyofuata ile ya kushonea magunia. Sasa sikujua umefika wapi. Jirani wa upande wa pili bado anachimba msingi wa ghorofa lake, na kila alasiri mashine yake ikianza kunguruma nasikia mchanga unamwagika ndani ya ukuta, taratibu, kama mtu anamimina mchele. Kichwa cha kitanda cha Mama kimeegemea papo hapo.

Unanijua, mimi ndiye mwoga wa familia hii, na jina hilo limeniponza. Nikisema nasikia mchanga, Mama anajibu, "Wewe hata cherehani uliiogopa ulipoinunua." Shemeji yako naye anacheka, anasema ukuta aliojenga marehemu Baba haujui kuanguka. Nilimsihi Mama ahamie kwa shangazi kwa muda. Akasema afadhali ukuta umwangukie kuliko kula kwenye sahani ya wifi yake. Kisha akaweka sharti: hatoki chumbani humo mpaka wewe, mwenye ujuzi wa majengo, uone kwa macho yako na useme atoke.

Basi uhai wa mama yetu ukawa mikononi mwa kile kidude cheusi, na kidude kikagoma.

Nilisimama mlangoni nikabonyeza. Kimya. Taa iliwaka, ukuta nikauona kwenye kioo, kijisanduku cha katikati kikapepesa rangi nyekundu, basi. Nikachaji betri mpaka ikajaa. Nikatoa kadi, nikaipangusa, nikaona kile kipini kidogo cha ubavuni cha kuifunga, nikakisogeza huku na huku. Nikafuta picha zako mbili za greda nikidhani nafasi imekwisha; utanisamehe. Nikaizima, nikaiwasha, nikaibembeleza. Kwa hasira nikamwelekezea Mama: kacha! Picha hiyo, safi, amenuna vizuri kabisa. Nikaielekeza kwenye cherehani: kacha! Nikarudi ukutani: kimya. Mama akafurahi, akasema hata kamera imeona hakuna kitu pale.

Nikaipeleka kwa mpiga picha wa karibu na posta, yule tunayemwita Tabasamu kwa kuwa hajawahi kutabasamu. Akaijaribu pale kibandani mara tatu, haina neno. Nikamweleza habari za ukuta. Akaniuliza una rangi gani. Nikasema mweupe, umepakwa juzi tu.

"Ndiyo maana, dada," akasema. "Hii kabla ya kufyatua inatafuta kwanza kitu cha kukazia macho pale katikati, ndani ya kijisanduku. Mstari, alama, chochote. Ukuta mtupu hauna pa kushika. Ipe kitu cha kuona, itapiga."

Kwa hiyo kamera haikuwa mbovu, sisi ndio tuliificha ilichotakiwa kuona. Nilifikiria kubandika uzi mweusi, lakini ningekutumia picha ya uzi. Nikajaribu kukwangua rangi kwa mkasi, Mama akanichapa mkono kwa fimbo yake ya kutembelea, mtu mzima mimi mwenye mvi. Nikakosa la kufanya. Ikawa kila asubuhi nikimpelekea chai, nasimama mlangoni nabonyeza. Na nikuambie ukweli, kila ilipokataa nilishukuru. Nilishaelewa kwamba siku itakayokubali ndiyo siku yenyewe.

Leo saa moja na nusu nilibonyeza huku akili iko kwenye sare za watu. Ikalia kacha.

Sikuthubutu kuutazama ukuta. Nilitazama kwanza kioo cha kamera, nikidhani kwa kuwa ni kidogo kitanitisha kidogo. Kijisanduku kilikuwa kijani. Ndani yake palikuwa na mstari mweusi, unaanzia kona ya dirisha, unashuka ukipindapinda, unaishia nyuma ya mto wa Mama. Ndipo nikainua macho. Nikasogea, nikachukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa, nikauingiza. Uliingia mpaka kwenye mpini. Mama alikuwa anakoroga chai yake, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, yeye hana habari. Nilimwambia autazame ukuta. Akasema ni rangi tu, fundi wa siku hizi hajui kazi.

Naogopa vitu vingi, mdogo wangu, lakini sijawahi kuogopa vile.

Mara honi ya lori la mafuta ikalia nje, dereva akipita kwenda kupakia. Sikufikiri mara mbili. Nilitoka nikamsihi dereva asubiri, nikarudi nikamwambia Mama kwamba dereva ameleta neno lako: umesema atoke leo, sasa hivi, asimalize hata chai. Alinitazama usoni.

"Amesema hivyo mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. Akauliza kama umesema aende kwa shangazi pia. Nikasema hilo ndilo ulilolisema kwanza. Akaweka kikombe chini, akaomba mtandio wake mzuri. Shemeji yako, ambaye alipouona ule mkasi aliacha kucheka, alimkalisha kitini, akakishika upande mmoja, dereva akashika upande wa pili, wakamtoa.

Sasa ameketi dirishani hapa, na tayari wameshatofautiana na shangazi juu ya chumvi. Shemeji yako amekwenda kwa jirani kumtaka azime mashine. Ukuta ninapoandika bado umesimama. Cherehani yangu nimeiacha mle ndani na sirudi kuichukua, hata watu wadai nguo zao namna gani.

Kadi nimeifunga ndani ya karatasi ya pili, usiikunje. Iangalie kwa utulivu uniandikie. Huenda utasema ni plasta ya fundi rangi tu iliyopasuka, na kwamba nimemng'oa mama mzima kitandani pake kwa uongo na kumpeleka asikotaka. Hilo nalo naliogopa. Lakini nikifumba macho nauona ule mto, na uongo wangu naona ni mdogo.

Shangazi anakusalimu sana, anasema umemsusa. Shemeji yako anakusalimu, hana maneno mengi leo. Tabasamu amepita hapa, ameomba kuiona hiyo picha, nimemkatalia. Nawe nisalimie mwenzako wa hemani anayekoroma, na mpishi wenu aliyekuuguza homa ile. Mungu akukinge na mashine zile na mawe yale, akupe usingizi mzuri, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Salamu za Mama sijakuandikia, kwa sababu atakusalimia mwenyewe. Jumapili ya mwisho wa mwezi mtandao ukishika utapiga simu, na yeye ndiye atakayepokea. Hatakuuliza umeamkaje. Atakuuliza kama ni kweli ulisema atoke. Vyovyote utakavyoiona hiyo picha, nakuomba kwa magoti, sema ndiyo, ulisema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika.