Feni Mpya na Kifua cha Baba

Nyumbani kwangu,
nyuma ya karakana ya magari.
Jumapili, tarehe 9, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkubwa. Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Watoto je, bado wanamkumbuka shangazi yao, au nimeshakuwa sauti ya kwenye simu tu? Baridi ya huko imepungua? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu? Sisi huku tupo. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Shemeji yako ni mzima, bado anaanza gazeti kwa kurasa za michezo kama mtu asiye na nchi.

Nimekuuliza hali kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na kwa sababu nikishaanza habari yenyewe sitakuwa na hamu tena ya kujua mgongo wako unaendeleaje.

Ujumbe uliomwandikia Prodyuza niliusoma. Alinionyesha mwenyewe, akichekelea kama bwana harusi. Ulimsifu kwamba wimbo mpya ni safi, kwamba nyuma ya yule mwimbaji husikii hata unywele ukianguka. Ni kweli, husikii. Sasa nataka nikueleze usafi huo ulivyopatikana, maana mla nyama si vibaya akimjua na mchinjaji.

Unaikumbuka mashine ya kurekodia uliyoituma, lile sanduku jeusi lenye vifungo vingi. Kitinda mimba wetu, ambaye siku hizi hata Baba anamwita Prodyuza, aliiweka kwenye chumba chako cha zamani. Akabandika trei za mayai ukutani, akaning'iniza blanketi mlangoni, akaita studio. Ukuta mmoja tu unakitenga chumba hicho na chumba cha Baba. Mashine haikuwa mbaya, ila feni yake ya kupozea iling'orota kama mlevi aliyelala kwenye benchi. Kila wimbo ulitoka na mngurumo chini yake. Waimbaji wakalalamika, Prodyuza akakulilia wewe, nawe ukatuma feni mpya isiyosikika, pamoja na vijipira vyake vya kuzuia mtetemo. Ulifanya vizuri. Sina ugomvi na feni.

Siku ya kuibadilisha nilikuwepo. Prodyuza aliilaza mashine kwenye meza ya sebuleni, akaifungua mgongo, parafujo akazipanga kwenye kisosi. Baba ndiye aliyeshika tochi. Mzee aliyekula vumbi la kiwanda cha saruji mpaka alipostaafu, kifua kikabaki kama gunia lililotoboka, aliinama pale akimmulikia mwanawe kwa mkono usiotikisika, kwa sababu aliambiwa asiutikise. Mara ya kwanza Prodyuza aliifunga feni kinyume, ikawa inalisukumia joto ndani badala ya kulitoa, na mashine ikajizima yenyewe. Nikamwambia kwamba mtu anayeshindwa kufuata mshale uliochorwa ubavuni mwa feni asijiite mtaalamu wa kitu chochote. Baba akasema nimwache mwenzangu, kosa moja haliachi mke.

Akaigeuza. Ikazunguka kimya kabisa, mpaka uweke kiganja nyuma yake ndipo ujue kwamba inafanya kazi. Tukapiga makofi. Baba akarudi chumbani kwake kujinyoosha.

Kisha Prodyuza akairudisha mashine studio, nami nikamfuata, akavaa hedifoni ili aufaidi ukimya wake. Nilimwona akifurahi, halafu nikaona paji la uso linakunjamana. Sauti ilikuwepo bado. Inakuja, inakwenda. Alidhani feni ni mbovu, akaizuia kwa kidole, sauti ikabaki. Akazima jokofu, akatoa betri kwenye saa ya ukutani, akamfukuza paka. Ikabaki. Mwishowe akashika ile maiki yako kali, inayosikia hadi mawazo ya mtu, akaisogeza taratibu kuufuata ukuta mpaka ikafika usawa wa kitanda cha upande wa pili. Akavua hedifoni, akanitazama.

“Ni Baba,” alisema. “Ni kifua cha Baba.”

Tulicheka sote. Baba naye akacheka kule kitandani, kicheko kikageuka kikohozi, na taa za mashine zikaruka zote mpaka kwenye nyekundu.

Miaka yote hiyo feni mbovu ilikuwa imemsitiri. Ndiyo iliyokuwa na adabu kuliko sisi watoto wake wote: ilipiga kelele ili mzee apumue bila kusikika. Tulipoitupa, Baba akawa ndiye kelele ya nyumba, na kelele, kama ujuavyo, hutafutiwa dawa.

Dawa zikaanza. Kwanza kitanda cha Baba kilihamishiwa ukuta wa mbali, chini ya dirisha linalovuja. Halafu magodoro mawili yakasimamishwa ukutani, chumba kikawa giza na joto kama ndani ya begi. Halafu akaombwa asikae ndani wakati wa kurekodi, akawa anatoka na kigoda chake kwenda kukaa kwenye veranda ya jirani, mtu mwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mvua zilipoanza, veranda ikashindikana. Ndipo likapatikana wazo ambalo Prodyuza huwa analitaja kwa fahari, kwa kuwa halikuwa lake. Lilikuwa la Baba.

Baba alisema: yeye atabana pumzi. Nyimbo zenyewe hazirekodiwi kwa mkupuo, zinarekodiwa mstari mmoja mmoja. Basi Prodyuza agonge ukuta mara moja mstari unapoanza, agonge mara mbili unapokwisha. Katikati hapo Baba hatapumua.

Na wakakubaliana. Soma tena sentensi hiyo, mdogo wangu, wewe uliyesoma ukapita shule zote nilizozipita mimi na nyingine ambazo sikuwahi hata kuziona. Mtoto na baba yake walikubaliana kwamba baba asipumue.

Nilipokuja kuligundua jambo hili, Prodyuza alijitetea kwamba hakuna aliyemlazimisha mzee. Nimelisikia neno hilo katika maisha yangu kutoka kwa kila mnyonyaji niliyewahi kupambana naye: alikubali mwenyewe. Waliompa Baba sepetu kiwandani bila hata kitambaa cha kujifunga puani walisema hivyo hivyo. Mzazi akijitolea, kazi ya mtoto ni kukataa. Angetaka kutukatia mkono wake tuule, tungemletea kisu kwa kuwa kasema mwenyewe? Wahenga wametuambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa mzazi hawakututajia nani aujuaye, nadhani kwa sababu walitutazama wakakosa jina.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa saa za alasiri, nimempelekea Baba supu kwenye chupa ya chai. Nilipita mlango wa nyuma kwa sababu ule wa mbele una kibao cha KIMYA. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wima kama mtoto wa shule, kiganja kimeziba mdomo na pua, macho yamemtoka. Upande wa pili mwimbaji wa kike alikuwa anauvuta mstari wa mwisho wa kiitikio, ule ule uliousifu wewe, mrefu hauishi. Nilifungua mdomo kumwuliza ana nini. Baba akaniwekea kidole cha mkono wa pili kwenye midomo yangu.

Mimi, mdogo wangu, sijawahi kunyamazishwa na mtu. Wakubwa wa kazi walishindwa, shemeji yako ameshindwa. Baba yangu aliniweza kwa kidole kimoja cha baridi, nikasimama pale na chupa yangu ya supu, nikisubiri wimbo uishe. Haukuisha. Yeye ndiye aliyekwisha. Midomo iligeuka rangi ya majivu, akainama mbele polepole kama anayetafuta kandambili, akaangukia uso.

Nilipiga ukelele ambao jirani anasema aliusikia akiwa bafuni. Blanketi likafunuliwa, Prodyuza akatokea, hedifoni shingoni. Alimwona Baba chini. Sitaki useme kwamba hakumwona. Alimwona kwanza, ndipo akasema. Akaniambia:

“Dada, si ungesubiri mstari uishe?”

Mwimbaji wa watu ndiye aliyenisaidia kumgeuza mzee. Alikuwa analia, anauliza kama huyo ndiye aliyekuwa anagongewa ukuta, kwa kuwa yeye alidhani ni namna ya kuhesabu mapigo.

Hospitali daktari alimwuliza Baba alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka. Baba akajibu kwamba alikuwa amekaa tu. Prodyuza akaitikia kwa kichwa, ndiyo, mzee alikuwa amekaa tu. Basi nikaeleza mimi, mbele ya manesi na mbele ya wagonjwa wengine na ndugu zao, kwa sauti ninayoitumia kwenye mikutano. Nilitaka aone haya, na sikumbakizia pa kujifichia. Daktari aliacha kuandika. Alisema mapafu kama yale hayana akiba, kwamba kila pumzi ni ya siku ile ile, na kwamba akirudia mchezo huo hataletwa kwake, atapelekwa chumba kingine.

Tangu hapo Baba yuko kwangu. Usifikiri ni ushindi. Juzi mwuza mkaa alibisha hodi, akagonga mlango mara moja. Baba alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe, akafumba mdomo, akanikazia macho. Ilinichukua muda kuelewa anasubiri nini. Ikabidi nigonge meza mara mbili, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ndipo akapumua.

Wiki iliyopita Prodyuza alikuja kumtazama, kaleta machungwa. Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia: leo na wewe utarekodiwa. Nitagonga meza, nitausoma ubeti mmoja wa wimbo wako, polepole kama anavyouimba yule binti, na wewe ubane pumzi mpaka nigonge tena. Alicheka akadhani natania. Nikagonga. Nilisoma polepole, nikiri, polepole sana. Hakufika hata kwenye kiitikio. Alipasuka kama mpira, mate yakamruka, machungwa yakabingirika sakafuni. Kijana mwenye mapafu mazima, anayecheza kandanda kila Jumamosi.

Nilimwuliza ameonaje. Akajifuta mdomo, akasema, “Mimi sijazoea, dada. Baba ameshazoea.”

Na Baba akaitikia. Unanisikia? Akaitikia kwa kichwa, kwa fahari kabisa, kama fundi aliyesifiwa kazi yake.

Ndipo nilipoelewa kwamba mimi peke yangu sitaweza. Zimebaki nyimbo mbili albamu iishe, na Baba anataka kurudi akazimalizie. Begi lake amelifunga. Anasema Jumamosi ijayo atakwenda, nikimzuia atapita dirishani. Mimi ananiona mgomvi, na hajakosea. Prodyuza anamwona mtoto mdogo mwenye kazi ngumu. Lakini wewe ndiye mwenye mashine. Baba anasema mwanangu aliye mbali amegharamika, siwezi kumharibia kazi kwa sababu ya kifua.

Prodyuza anadai kwamba ulikuwa unajua. Anasema ulipopiga simu alikuhadithia kuhusu kugonga ukuta, ukacheka, ukasema wavumilie kidogo, albamu itoke kwanza. Shemeji yako ananishauri nisikuhukumu kabla hujajieleza. Mimi nimekuhukumu tayari. Nakufahamu tangu unanyonya: ni mtu wa kutuma vitu. Palipohitajika moyo ulituma kifurushi. Mama alipougua ulituma redio.

Basi safari hii usitume kitu. Neno lako moja tu linatosha kuitoa mashine ile katika nyumba ya Baba, na neno hilo uliseme kabla ya Jumamosi, kwa Prodyuza, tena Baba akiwa anasikiliza. Mwambie irudishwe, iuzwe, itupwe jalalani, mimi sijali. Usiponiambia umefanya hivyo, Jumamosi asubuhi nitakwenda na nyundo ya shemeji yako, na sitaanzia kwenye feni. Halafu mtaniita kichaa, na nitaitika.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona gauni. Wabusu watoto. Shangazi yetu aliyeko bondeni anakusalimu, meno yamemwisha ila ulimi upo palepale. Shemeji yako anasalimu pia, na anaomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Baba anakusalimu sana. Hakutaka niandike lolote kati ya haya. Alitaka nikuulize jambo moja tu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeusikiliza wimbo ule kwa makini: je, kuna mahali popote aliposikika? Kama alisikika, anaomba radhi.

Sikumjibu. Mjibu wewe, kwa simu, kwa sauti yako mwenyewe, na umsikilize anavyoivuta pumzi kabla ya kukwambia ahsante.

Mungu akulinde na akupe uzee mrefu, wenye watoto wasiopenda muziki.

Ni mimi dada yako akupendaye, ingawa leo napenda kwa shida.