Baba Ameisikiliza Santuri Yako

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la miwani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi kuliko nyuzi zilizotapakaa chumbani kwangu zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Wifi yangu naye hajambo? Kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa kumi na mbili kimekuacha, au ndiyo mmeshaoana? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo haujambo, na kila siku anauliza kama unakula vizuri. Mimi nashona mapazia kama kawaida. Shemeji yako bado anakoroma.

Nina habari kubwa, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo. Nikianza na mwisho utasema dada kapata homa.

Mwezi jana mkutubi wetu, yule mama mrefu mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, alikuja kuniagiza kitambaa kikubwa cheupe. Kumbe kila Jumamosi alasiri pale maktaba wanaonyesha filamu zile zisizofika kwenye majumba makubwa ya sinema, filamu za watu wasio na haraka. Nikakishona, nikakipeleka, nikaambiwa nikae nitazame. Mwanamke alikuwa anangoja barua. Basi, hicho ndicho kisa chote. Nusu saa nzima mimi nilikagua pindo langu tu. Halafu sijui nini kilinishika, nikaanza kumwonea uchungu kama jirani yangu, na mtu wa posta alipopita bila kusimama, nikalia. Mimi huyu unayenijua!

Jumamosi iliyofuata nikawaburuta baba na shemeji yako. Safari hiyo fundi alikuwa anatengeneza pampu ya maji, na maneno ya filamu nzima hayakufika kumi. Shemeji yako alisinzia kabla boliti ya pili haijafunguka. Watu watatu waliondoka. Baba aliinama mbele mpaka mwisho, akinung'unika kwamba spana ile ni kubwa mno. Tulipokuwa tunarudi alisema aliyetengeneza filamu ile anaijua kazi, maana hakumkatiza fundi. Akatembea kidogo. Kisha akaniuliza kama santuri yako bado ipo.

Nilisimama katikati ya njia, Chiriku. Miaka sita hajaitaja. Unakumbuka ulivyoirekodi ukatutumia, tukakusanyika wote sebuleni, na wimbo wa pili haujaisha baba akainuka akasema hawa ni kuku wanaofukuzwa na paka. Nami kwa kimbelembele changu nikakuandikia maneno yake yote, herufi kwa herufi. Ukanijibu kwamba mlango wake hutaukanyaga tena, na hujaukanyaga. Ulimi wangu ndio uliotuponza, na mzigo huo nimeubeba mpaka leo.

Tena leo nikiri na la pili. Mimi nilikusifia, nikasema santuri ina mchangamko. Uongo mtupu. Sikuelewa kitu. Nilidhani ndiyo muziki wa kisasa, na asiyeuelewa ni mshamba.

Lakini mkutubi alikuwa ameshanitia shaka. Aliniambia vijana wanaorekodi muziki wao vyumbani wanaitafuta santuri yako, na mmoja ameiandikia maktaba kuulizia, akisema huko ndiko alikojifunza kuacha nafasi ndani ya wimbo. Zipo santuri ambazo hazikuuzwa sana, alisema mkutubi, lakini ukisikiliza za wengine waliokuja baadaye unazikuta humo ndani. Nilifurahi, ila nikajiuliza, nafasi gani? Mimi sikusikia nafasi yoyote. Nilisikia mbio.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nikalitoa gramafoni chini ya meza, nikalifuta vumbi, nikaweka sindano. Wakaanza kuku wale wale. Nikaomba Mungu mzee asiinuke. Hakuinuka. Wimbo wa tatu, ule ambao mara ya kwanza hakuufikia, una mlio wa saa chini yake. Baba akanyoosha kidole.

"Hiyo saa inakimbia," akasema.

Akavua saa ya mkononi, akaniambia nianze upya, akahesabu dakika nzima. Milio themanini na moja. Unamjua fundi saa wetu, saa ikikimbia nyumbani kwake ni kama mtoto ana homa, hakai. Akapiga magoti na bisibisi yake, akalizunguka gramafoni, na pembeni kule, chini ya uchafu wa miaka, akakuta swichi ndogo. Ilikuwa imewekwa mizunguko arobaini na tano kwa dakika, kwa ajili ya zile santuri ndogo za mama, kwani humu ndani hatujawahi kuwa na nyingine. Yako ni kubwa, inataka kuzunguka polepole. Miaka sita, mdogo wangu, tumekuhukumu kwa mwendo usio wako.

Akaisogeza ikakaa thelathini na tatu. Ikatoka sauti yako! Siku zote nilidhani ni binti fulani umemkodi. Nzito, ya taratibu, na baada ya kila mstari, ile nafasi. Mama alijifunika mdomo kwa mtandio.

Baba akahesabu tena, lakini hakumaliza. Saa ile ya kwenye wimbo ina kilema, mlio mmoja mrefu na mmoja mfupi, kama mtu anayechechemea. Nikaona mkono wake unashuka.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Ndiyo ile ya ukutani, juu ya meza yake ya kazi, ambayo tangu utotoni mwetu anakataa kuitengeneza eti ndiyo tabia yake. Kumbe uliirekodi kabla ya kuondoka, na wimbo wenyewe ni wewe umekaa pale baada ya shule unamtazama. Kwa nini hukusema? Nimekukasirikia kwa hilo, na nimefurahi mno.

Sitakupambia. Aliisikiliza mpaka sindano ikainuka. Alifuta macho kwa kile kitambaa chake cha kusafishia saa, akaniambia nirudie kuanzia wimbo wa kwanza. Baadaye akaniita jikoni. "Mwandikie kwamba nilihukumu bila kupima, na fundi hafanyi hivyo. Safari ile uliandika maneno yangu yote. Na haya yaandike yote."

Nimeyaandika yote.

Mkutubi anataka tuipige santuri pale maktaba mwezi ujao, mbele ya kitambaa changu. Baba amesema gramafoni atalibeba mwenyewe, hamwamini mtu na swichi ile.

Mama anakusalimu, shemeji yako anakusalimu akiwa macho kwa muda, na wapwa zako wanauliza mjomba anafananaje. Nisalimie wifi yangu sana. Mungu awalinde, awape afya na nauli. Hapo chini nimeacha nafasi, baba ameiomba.

Ni mimi dada yako mwenye mdomo, nikupendaye siku zote,
Fundi Mapazia

Mwanangu,
Saa bado inachechemea. Sijaigusa. Njoo uisikie.
Baba