Kamwene ya Yoramu kwenye seva mpya

Alhamisi, Njombe. Ukungu umekaa tangu asubuhi, na ninaandika haya nimevaa masweta mawili, miguu karibu na jiko la mkaa. Moyo umetulia sasa. Mchana haukuwa hivyo.

Kaka yangu Yoramu alifariki mwaka jana. Alituachia programu aliyomwandikia Mzee Twaha, mwenye malori kule Makambako. Mkulima wa parachichi anafungua ukurasa kwenye simu, anajaza jina, kijiji na idadi ya kreti, na programu inamjibu: "Kamwene. Nafasi yako ipo, gari litapita." Kamwene ndiyo salamu yetu huku. Mama akishaipata huijibu kwa sauti, "Kamwene," ndipo anaiweka simu mezani. Nilikuwa nikimtania kwamba simu haina masikio. Yeye hunijibu kwamba salamu ni salamu.

Wiki hii seva ya zamani, ile kompyuta ya mbali inayoendesha programu, imefungwa, tukahamia nyingine. Mpya ina kasi, ila inapokea maombi ya watu kwa namna yake yenyewe. Programu ya Yoramu inayataka katika mpangilio wa kawaida, ule ambao programu nyingi za aina yake huutumia. Kwa hiyo nimeandika adapta, kipande kidogo kinachokaa katikati. Kinachukua ombi kutoka kwa seva, kinalipanga upya jinsi programu ilivyozoea, kinaikabidhi, kisha kinarudisha jibu kwa mkulima.

Nilijisifu mapema mno.

Tangu Jumatatu kila mkulima amekuwa akijibiwa, "Hujajaza jina." Mama alijaza, akavaa miwani, akajaza tena. Simu ikawekwa mezani kimya. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Leo asubuhi Mzee Twaha akapiga. Alimjulia hali Mama kwanza, kama kawaida yake. "Neema mwanangu," akasema, "malori yanapita hapo kwenu nusu tupu. Kazi ya marehemu naiheshimu, lakini leo ikishindikana, kesho nikitoka kuswali nampigia kijana mmoja wa Dar aniwekee programu mpya." Sikuwa na la kumlaumu. Biashara ni yake.

Nikafungua faili la Yoramu. Nilikuwa nimeshaamua kulibadilisha ili lizungumze na seva mpya moja kwa moja, adapta niitupe. Juu kabisa nikakuta maneno aliyoyaacha: "Neema, ukifika hapa usiguse. Nakujua." Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Nikalifunga faili bila kugusa herufi hata moja.

Nikarudi kwenye adapta yangu na kuisoma polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele. Kosa nikalikuta, na lilikuwa langu. Nilikuwa nimeweka mstari wa kusoma kile alichojaza mkulima na kukitunza pembeni, ili nihakikishe kazi inakwenda sawa. Sasa maelezo hayo hutoka kwenye seva mara moja tu. Akishayasoma mmoja, anayefuata hakuti kitu. Nilikuwa nasoma mimi kwanza, na programu ya Yoramu inakuta patupu, inauliza jina liko wapi.

Wasiwasi wangu tu. Hakuna aliyeniomba nichungulie.

Nikaufuta ule mstari. Basi. Siku nne za kuumiza kichwa, na dawa ilikuwa kuondoa mkono.

Alasiri nikamwomba Mama ajaribu tena. Alikaa kwenye kigoda, akajaza jina, kijiji, kreti kumi na mbili, bila haraka na bila matumaini makubwa. Simu ikawaka. Akasoma mpaka mwisho, kidole kikifuata maneno.

"Kamwene, Yoramu," akasema, akaiweka mezani.

Kumbe siku zote alikuwa anamjibu yeye.

Mzee Twaha nimeshamtumia ujumbe, naye amejibu kwamba kijana wa Dar apumzike. Kesho lori linapita, nami nitaamka mapema nimsaidie Mama kubeba kreti mpaka barabarani.

Ila pale jikoni, Mama alipoiweka simu, niliinuka. Nilimwambia natoka kuchukua mkaa, nikasimama nje kwenye ukungu muda mrefu, na mkaa ulikuwa umejaa ndani.